Matope ya Bukavu hayahesabiwi kwa majina

Asubuhi baada ya mvua ya usiku, mama yangu hakuwa na desturi ya kuuliza kama nje kuna matope. Tulikaa Kadutu, mtaa wa mlimani wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kuanzia Septemba mpaka Mei matope yalikuwa kama mpangaji mwingine wa parsele (kiwanja chetu), yule asiyelipa kodi. Alimngoja mtu wa kwanza kupanda kutoka bondeni na bidoni lake la maji mgongoni, akamwuliza: “Njia iko namna gani?” Jibu lilikuwa fupi. “Iko inateleza, mama.” Siku nyingine: “Iko inakamata.”

Hayo yalitosha kupanga siku. Ikiwa inateleza, tulivua viatu, tukavifunga kamba na kuvitundika shingoni, tukashuka peku huku vidole vikichimba chini kama kucha za kuku. Viatu tulivivaa kwenye lami, baada ya kunawa miguu dimbwini. Ikiwa inakamata, peku haikusaidia kitu. Matope yalishika kisigino, kila hatua ikanyanyua donge zima la udongo, na mtoto aliyetoka nyumbani na sandali mbili alifika shuleni na moja. Siku hizo ilibidi kuondoka nusu saa mapema. Njia ilikuwa ileile, udongo uleule, na mvua imetoka kwenye wingu lilelile. Kilichobadilika ni kiasi cha maji kilichobaki ndani ya udongo, na kiasi hicho hakuna aliyekipa jina. Kilipewa kitendo.

Nayakumbuka hayo kila rafiki yangu mmoja, aliyesomea Dar es Salaam akarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi, anapoanza wimbo wake kwamba sisi watu wa Kivu tumekikondesha Kiswahili. “Chukua matope,” huniambia. “Mnaishi ndani yake, na neno mnalo moja. Mkilichoka mnaazima potopoto.” Kisha anaanza kumimina: tope, kinamasi, tindiga, dimbwi, udongo mfinyanzi, udongo tifutifu, kichanga. Anahesabu kwa vidole, na vidole vya mkono wa kwanza vikiisha anahamia wa pili kwa furaha.

Sibishani na kamusi yake. Kinamasi ni neno tamu, jina la kitu kinachonata na kuteleza kwa pamoja kama ute wa konokono, na pia la mahali penye hali hiyo. Tindiga ni ardhi ya maji na majani ambayo ng'ombe akiingia, kumtoa ni kazi ya kijiji. Dimbwi ni maji yaliyosimama. Matope yako chini yake, yanakungoja. Yote sawa. Lakini orodha nzima ni ya majina, na hapo rafiki yangu anafanya kosa la wengi wetu tuliofundishwa lugha ubaoni: anadhani mali ya lugha imewekwa kwenye majina. Kwa upande wa ardhi yenye maji, Kiswahili hakikuweka mali yake huko.

Tulitazame neno lenyewe. Matope yamo katika ngeli moja na maji, mate, maziwa, mafuta na jamaa zao wengine ambao si wa kutajwa mezani. Ni ukoo wa vitu visivyohesabika, vinavyomwagika na kuenea. Ukiondoa ma- unabaki na tope, na tope si “matope moja”. Ni matope mazito, yaliyokusanyika mahali, ambayo gari likiingia halitoki. Hapo hapo neno linageuka kitendo: kutopea. Gari limetopea, na mtu naye anaweza kutopea kwenye deni au ulevi, na kila msikilizaji anaelewa kwamba kadiri anavyojikukurusha ndivyo anavyozidi kushuka. Neno hilo moja limebeba maelezo kamili ya namna tope linavyofanya kazi, na hakuna aliyehitaji kulifafanua.

Vitendo vingine viko tele. Udongo unateleza, unanata, unaganda, unadidimia, unameguka, unamomonyoka, unaporomoka. Havibadilishani nafasi. Kumomonyoka ni kuliwa kidogo kidogo, kama ukingo wa mto unavyoliwa na maji, na anayepita hapo kila siku haoni kitu mpaka mwaka uishe. Kumeguka ni kutoka kipande, kama mkate. Kuporomoka ni kushuka kwa wingi na kwa kishindo, bila kumngoja mtu. Mwandishi anayeandika “mmomonyoko” mahali ambapo mlima umeporomoka usiku mmoja anafanana na anayeandika kwamba mtu aliyepigwa risasi ameugua.

Halafu kuna maneno ya kurudiarudia, ambayo walimu wetu waliyaona kama ya kitoto. Chepechepe: ardhi imeshiba, ukiikanyaga maji yanapanda kati ya vidole. Tepetepe: imelegea, inabonyea chini ya mguu. Rojorojo: imekuwa uji mzito. Tifutifu: inapukutika, ina unyevu wa kutosha mche, haina wa kutosha kumchafua mtu. Maneno haya hayasemi udongo ni wa aina gani. Yanasema mguu ulihisi nini. Hata potopoto, ambayo rafiki yangu anaidharau, imetengenezwa kwa kiwanda hicho hicho; itamke polepole na utasikia mguu ukichomolewa. Ni neno la safari ndefu. Wasemaji wa Lingala wanalo, Brazzaville kuna mtaa mkubwa uitwao Poto-Poto, na Lubumbashi utalisikia sokoni kama vile lilizaliwa pale. Neno linalovuka mito mingi hivyo bila kufundishwa na shule yoyote, mimi siliiti la kuazima.

Waliotafsiri Zaburi ya 40 nao walikutana na tatizo hili. Mwimbaji anasema Mungu alimtoa shimoni, kwenye ardhi ambayo miguu haipati mahali pa kusimama. Matope peke yake yasingetosha, kwa sababu mtu anaweza kusimama kwenye matope siku nzima. Wakaandika “udongo wa utelezi”. Walichagua tendo, wakalivalisha nguo za jina.

Miji yetu mitatu mikubwa ya Kiswahili huku mashariki na kusini mwa Kongo haikanyagi ardhi moja, na unaweza kuisikia tofauti hiyo katika mazungumzo. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikapoa, na watu wakajenga juu yake. Huko ndiko kwenye makoro, mawe meusi yenye matundu na makali, na maji ya mvua yanazama kati yake kabla hujafungua mwavuli. Mtu wa Goma akilalamika ardhi, atalalamika vumbi na viatu vilivyochanika. Mlete Kadutu mwezi wa Machi na utamwona anatembea kama anayevuka daraja la kamba, mikono imetanda, huku watoto wa shule wakimpita mbio.

Lubumbashi ni tambarare na nyekundu. Udongo kule wanauita bulongo, na anayetaka udongo mzuri wa ujenzi hachimbi chini sana: anatafuta kichuguu. Mchwa wamekwisha kufanya kazi ya kuchagua chembe laini na kuzishikamanisha, kwa hiyo vichuguu vya pembezoni mwa mji vimekatwakatwa kama keki na kugeuzwa matofali. Wafua shaba wa zamani wa Katanga, karne nyingi kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, walijengea tanuru zao udongo huo huo. Na sokoni wanauza pemba, udongo mweupe ambao wajawazito wanautafuna. Udongo wa kujengea, wa kuyeyushia shaba, wa kula: kila mmoja una kazi yake, na kazi ndiyo inayoutambulisha.

Bukavu haina mawe mapya ya Goma wala tambarare ya Lubumbashi. Ina miteremko. Chini ya nyumba zetu kuna lava pia, lakini ni lava ya kale sana, ya mamilioni ya miaka kabla ya Nyiragongo, na katika muda huo mvua na joto vimeiozesha. Ukichimba msingi utaliona lile jiwe lililooza: lina umbo la jiwe na rangi ya jiwe, ukilibana kwa vidole linakuwa unga, na ukilitemea mate linakuwa sabuni. Ni udongo wa mfinyanzi unaojifanya mwamba.

Wakulima wa Bushi, nchi ya Washi kwenye vilima vya nyuma ya mji, wanaujua udongo huu kwa undani kuliko sisi wa mjini. Kule Walungu wanatofautisha civu na kalongo. Civu ni udongo mweusi, laini, wenye nguvu, unaolipa. Kalongo ni ule mwekundu uliochoka, mgumu kama tofali ukikauka, unaokula mbolea usiseme asante. Wataalamu wa kilimo walipokuja na vyombo vyao kupima rutuba, walikuta mpaka umekwisha kuchorwa, na wakayachukua majina hayo kwa Mashi, lugha ya wenyeji, kama yalivyo wakayatia kwenye ripoti. Rafiki yangu atasema: haya, si majina hayo? Ni majina, ndiyo. Lakini mwulize mkulima kalongo ni nini na hatakutajia rangi kwanza. Atakwambia: ni udongo unaokataa.

Niliwahi kukaa nusu siku na mfyatua matofali upande wa Kabare, kwa kuwa gari letu lilikuwa limetopea na hakukuwa na jingine la kufanya. Shimo lake lilikuwa na upana wa chumba, udongo umekandwa kwa miguu jioni iliyotangulia, ukafunikwa majani ya migomba ukalala. Kabla ya kujaza kibao chake cha kufyatulia alichota udongo kiasi cha jicho la ng'ombe, akauviringisha kati ya viganja mpaka ukawa kama mnyoo, kisha akauzungusha kwenye kidole cha shahada kama pete. Pete haikupasuka, lakini alipoitoa iliacha udongo kidoleni. Akatikisa kichwa. “Hii bado inakamata. Tungoje ikubali.” Akafunua majani upande mmoja ili upepo upite, akakaa. Baada ya muda akarudia. Pete ilitoka safi, kidole safi, hakuna ufa. Akaita vijana wake.

Alinieleza kwa lugha yake, na nilikwenda nayo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi. Udongo una tabia nne. Ukiwa mkavu unakataa: ukiukunja unavunjika. Ukipewa maji unakubali. Ukipewa zaidi unakamata. Ukipewa zaidi ya hapo unakimbia, na ukishakimbia huwezi kuushika kwa kibao wala kwa ukuta.

Sasa sikiliza jambo hili. Mwaka 1911 mkemia mmoja wa Uswidi, Albert Atterberg, aliyekuwa akichunguza udongo wa kilimo, aliona kwamba kuuainisha udongo wa mfinyanzi kwa ukubwa wa chembe peke yake hakutoshi. Akapendekeza upimwe kwa jinsi unavyotenda maji yanapoongezeka, na akaweka mipaka: hapa unaacha kuvunjika na kuanza kufinyangika, hapa unaacha kufinyangika na kuanza kutiririka. Kipimo cha mpaka wa kwanza kinafanywa mpaka leo katika maabara za wahandisi. Wanauviringisha udongo kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3 hivi. Kiasi cha maji ambapo uzi wa unene huo unaanza kukatikakatika, hapo ndipo penye mpaka. Kwa mpaka wa pili kuna kikombe alichokisanifu Arthur Casagrande mwaka 1932: udongo unawekwa ndani, unachorwa mfereji katikati, kikombe kinadundishwa, na wanahesabu ni mara ngapi mpaka mfereji ujifunge. Mara 25 ndicho kipimo.

Uzi wa kioo na pete ya kidole ni dada wa tumbo moja. Mfyatua matofali wangu hakumsoma Atterberg, wala Atterberg hakufika Kabare. Wote wawili waliona kwamba ukitaka kuujua udongo wenye maji usiulize unaitwaje. Uliza unafanya nini ukiongezewa kidogo. Wafinyanzi wa Kitwa (Batwa), ambao mababu zao walitengeneza vyungu vingi vya maeneo haya ya ziwa Kivu, walijua hivyo kabla ya wote, mpaka sufuria za aluminiamu na mabeseni ya plastiki yalipowaharibia soko, na wengi wao wakaondolewa kwenye msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Ni maarifa kiasi gani ya udongo yaliondoka pamoja nao, hilo ni makala nyingine, na ingekuwa ya hasira zaidi.

Methali yetu inasema udongo uwahi ungali maji. Wengi wanaitumia kwa malezi ya watoto, na mimi naona tumeinyang'anya fundi wake. Ni agizo la kazi. Lina saa ndani yake.

Kwa nini nang'ang'ania vitendo? Kwa sababu sisi hatufinyangi tu udongo huu, tunalala juu yake. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya sehemu mbili za elfu ya milimita, nazo ni bapa kama magamba ya samaki. Maji kidogo kati yake yanayabandika magamba pamoja, na ndiyo maana udongo unakubali. Maji yakizidi yanayatenga, yanayanyanyua, na msuguano uliokuwa umeshikilia mteremko mzima unapungua, huku mteremko wenyewe umeongezeka uzito wa maji. Kuna siku unafika ule mpaka wa Atterberg ukiwa umebeba nyumba mia juu yake.

Si lazima iwe kwa kishindo. Funu, pale Kadutu, ni mteremko mkubwa unaoshuka polepole huku watu wanapika, wanazaa na kuoza mabinti juu yake. Watafiti wameupima kwa satelaiti na kuthibitisha kwamba unasogea. Wakaaji hawakuhitaji satelaiti: mlango uliofungika vizuri mwaka jana mwaka huu unagoma, ngazi imeachana na kizingiti, bomba la maji linakatika mahali palepale kila msimu. Wenyewe wanasema: huku udongo unatembea. Sijawahi kusikia neno linalozidi hilo. “Maporomoko” yanakufanya utazame juu, ungoje kishindo. “Unatembea” kunakufanya utazame chini, leo.

Na kuna siku za kishindo. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha Kalehe, kaskazini mwetu kandokando ya ziwa, na vijito vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walipatikana wamekufa, na wengi sana hawakupatikana kabisa. Siku zilizofuata nilisikiliza taarifa moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na sentensi mbili: mvua imeua, matope yamefunika. Halafu picha zikaja, na katika picha kulikuwa na mawe. Mawe makubwa yasiyobebeka, yamelala mahali palipokuwa na nyumba na maduka. Neno matope lilikuwa limefunika mpaka hayo mawe. Mtu wa mbali aliyesikia redio aliwaza uji mwekundu unaoingia mlangoni. Hakuwaza mlima uliopasuka na kuja na mifupa yake.

Hili ndilo lawama langu kwa sisi waandishi. Tukitumia jina moja kwa mambo manne, tunabaki na mkosaji mmoja, mvua, na mvua haina wakili wala haiitwi mahakamani. Vitendo vinauliza maswali ambayo jina haliulizi. Udongo umemomonyoka: nani alikata miti na kuacha mlima uchi? Umeporomoka: nani alichimba mguu wa mteremko ili apate kiwanja bapa? Umetiririka: maji yalitoka wapi, ya mbingu peke yake au pia ya bomba lililopasuka miezi na kanivo (mfereji wa maji ya mvua) lililozibwa na ukuta wa mtu mwenye uwezo? Kanivo hilo sote tunalijua. Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, tunakuja na sepetu, tunakwangua matope, tunayarundika ukingoni, tunapiga picha. Jumanne mvua inayarudisha ndani kwa utaratibu, bila kusahau hata kidogo.

Lugha ya ofisi haisaidii. Kibao kinasema zone à risque, na anayetafsiri anaandika “sehemu ya hatari”. Ni jina tupu, na nusu ya Bukavu ni sehemu ya hatari ya namna fulani. Hatari ipi? Itafanya nini, na itaanza kwa kufanya nini? Ingekuwa mimi ninayechora vibao hivyo, ningeandika maswali ya mama yangu. Juu ya nyumba yako ardhi imepasuka ufa mrefu unaokatiza mteremko? Mti uliokuwa umesimama umeinama? Chemchemi iliyokuwa safi imetoa maji ya rangi ya chai ya maziwa? Mlango unagoma wakati hakuna aliyeugusa? Mtu ambaye hajaingia darasani hata siku moja anaweza kujibu, na akijibu ndiyo mara tatu usiku wa mvua, atawaamsha watoto.

Najua pingamizi, na ni zito. Mwanamke wa Funu anayesema “udongo unatembea” anajua kila kitu ninachokiandika hapa, na usiku analala palepale. Hakukosa maneno. Amekosa fedha za parsele mahali pengine, na kijiji alichokikimbia kwa sababu ya bunduki hakimngoji. Enzi ya Costermansville, jina la kikoloni la Bukavu, Wabelgiji walijichagulia rasi za ziwani wakawapangia wafanyakazi Waafrika Kadutu na Bagira. Baadaye vita vikaleta watu wengine, na waliokuta bapa limekwisha wakapanda, kisha wakashuka kwenye makorongo. Hakuna kitenzi kitakachomhamisha mtu huyo. Nakubali.

Ninachokataa ni kugeuza ujuzi wake kuwa ujinga. Kila baada ya msiba anatokea mtu mwenye koti kusema kwamba wananchi wanajenga ovyo kwa kukosa elimu. Wananchi hao wamejenga kwa mbao mahali ambapo mwenye koti angejenga kwa bloku. Kwa nini mbao? Ni nafuu, ndiyo, lakini waulize: ardhi ikitembea, mbao zinakubali, bloku inakataa na kupasuka. Nyumba ya udongo haihimili kishindo, inasema methali, nami nahisi walioitunga waliishi kwenye ardhi iliyotulia. Juu ya ardhi inayotembea, ugumu ndio unaovunjika kwanza. Bei ya ujuzi huo ni moto: mbao zinaungua, na mitaa yetu inaungua nazo. Wamepima hatari mbili wakachagua moja. Huo si ukosefu wa elimu.

Jirani ya dada yangu, baba mmoja fundi viatu, ana ufa kwenye ukuta wa nyuma, unaoanzia chini ya dirisha. Miaka miwili iliyopita alichukua konzi ya saruji akaibandika juu ya ufa kama plasta ya kidonda, akaandika tarehe pembeni kwa mkaa. Saruji ilipasuka kabla ya Krismasi. Akabandika nyingine, chini kidogo, akaandika tarehe. Nilipokwenda kuwaona Jumapili iliyopita mvua ilikuwa imekatika, na alikuwa amepiga magoti ukutani na bakuli la saruji mbichi, anaipapasa kwa kidole gumba kuona kama imekubali. Kulikuwa na tarehe tatu tayari. Nilimwuliza ukuta uko namna gani. “Ulikuwa unatembea,” alisema bila kugeuka. “Sasa umeanza haraka.” Akaniomba nimpe mkaa.